Boneti, fenda na bampa zisizo orijino: nimezifunga, nimezipiga rangi, haya hapa maoni yangu

Wadau, kwa wanaouliza kama bodi za kampuni zingine tofauti na mtengeneza gari zinafaa au zinakula hela tu, jibu langu fupi ni hili: fenda chukua, boneti chukua ila uikague kabla hujalipa, bampa mi sirudii. Jibu refu ndo linafuata na ni refu kweli, maana kununua ni kazi ya dakika, kimbembe kiko kwenye kufunga na kuandaa, na hapo ndo watu wanaishia kulaumu fundi rangi wakati tatizo lilianza tangu bati linatoka kwenye boksi.

Gari ni Corolla ya rangi ya fedha, pua yote ilikuwa imekwisha. Nimechukua boneti moja, fenda mbili na bampa ya mbele, zote mpya, hakuna hata moja yenye nembo ya kiwanda. Aliyezitengeneza simtaji na kwa kweli hata kwenye boksi hakujitaja vya maana, kuna namba na kibandiko basi, ndo zilivyo nyingi. Zipo zenye kibandiko cha CAPA, hao ni jamaa wa Marekani wapo tangu 1987 wanapima spea za bodi kama zinakaa kwenye gari na kama bati lina ubora, ukikuta hicho kibandiko na ni cha kweli una afadhali kubwa. Zangu hazikuwa nacho.

Fenda kwanza. Zimekuja nyeusi, na hapa sikilizeni vizuri kwa sababu weusi huu una siri. Kuna weusi wa kuzamishwa, yaani bati linatumbukizwa kwenye pipa kubwa la rangi yenye umeme, rangi inavutwa mpaka ndani ya mikunjo halafu linaokwa kwenye oveni, huo ni msingi wa kweli unaweza kuupiga msasa laini na kuendelea juu yake. Halafu kuna weusi wa safari tu, rangi hafifu waliyopulizia ili bati lisishike kutu kwenye meli. Ukipiga rangi yako juu ya huo wa pili unajenga ghorofa juu ya mchanga, siku moja inabanduka yote na praima (rangi ya msingi) yako juu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina kali, kibandike pale kama nusu dakika halafu sugua. Kitambaa kikibaki cheupe uko salama, kikitoka na weusi au rangi ikalainika ikawa inanata basi hiyo yote inakwanguliwa mpaka bati, na unaanza na praima ya epoksi.

Fenda zote mbili zilipita, kitambaa hakikutoka na kitu. Boneti nayo ilipita upande wa juu, ila nilipogeuza nikajaribu kule chini kwenye fremu ya ndani karibu na bawaba ya kushoto kitambaa kikatoka cheusi tii. Nikaendelea kusugua, chini yake nikakuta vidoa vya kutu vimeshaanza kwenye mkunjo wa bati, yaani mtu alishaona kasoro akapulizia juu juu ili ipite. Ndo maana nasema ikague kabla hujalipa, beba kitambaa chako na kichupa cha thina, na uigeuze, usiangalie juu tu. Muuzaji akikukatalia kujaribu sehemu ya chini isiyoonekana jibu umeshapata.

Bati lenyewe sina malalamiko makubwa. Likibonyezwa kwa dole gumba katikati ya boneti linaingia kidogo kuliko la zamani, lakini bati la nje la magari mengi ni jembamba hata likiwa orijino, liko kwenye milimita 0.7 hivi, kwaio msitegemee chuma cha reli. Kinachonisumbua zaidi ni zinki. Magari mengi siku hizi bati lake limepakwa zinki kiwandani kabla ya kitu kingine chochote, hizi za nje wengi wanairuka hiyo hatua, na hiyo ndo tofauti ambayo huioni leo, utaiona baadaye pale mawe ya barabarani yakishachubua rangi.

Sasa kufunga. Kanuni ya kwanza na mi nitairudia hata mkinichoka: FUNGA GARI LOTE KWANZA BILA RANGI. Kila kitu, fenda, boneti, bampa, taa, shoo (ule wavu wa mbele), mpaka zile plastiki za ndani ya tairi. Kuna watu wanapeleka bodi ikiwa bado kwenye boksi moja kwa moja kwa fundi rangi, inarudi inang'aa, ndo wanagundua haikai, wanaanza kutoboa na kupiga tupa juu ya rangi mpya. Na ukishapiga rangi kurudisha dukani sahau, hakuna duka litakalopokea.

Mlango ndo mwalimu wako kwa sababu mlango haujaguswa. Unaweka fenda, boliti zote unazishika kwa vidole tu bila kukaza, halafu unaanza na ule mwanya kati ya fenda na mlango, unauweka sawa juu mpaka chini, milimita 4 hivi ni kawaida, muhimu usiwe 3 juu na 6 chini. Boliti ya juu ile inayofikiwa mlango ukiwa wazi ndo inaamua fenda itoke nje au iingie ndani, ya chini kule kwenye kizingiti ndo inaamua mkia wake. Ukimaliza hapo ndo unakuja kwenye boneti, halafu taa, bampa ni ya mwisho kabisa. Ukianzia mbele kurudi nyuma utazunguka mpaka kesho.

Fenda ya kulia ilikaa karibu bila kubishana. Ya kushoto matundu ya juu yalikuwa nyuma kidogo, yaani nikiweka mwanya wa mlango sawa tundu la mbele karibu na taa halionani na uzi wake. Siyo jambo la kutisha, tupa ya duara inalitanua, ila ukishatanua umefungua bati tupu na lazima uligonge praima hapo hapo, usiseme nitakuja kupaka. Sehemu nyingine nimeweka washa chini ya boliti kuinua, hata kiwandani wanafanya hivo usione aibu. Kingine, matundu ya plastiki ya ndani ya tairi, kati ya yote kulikuwa na mawili yasiyolingana, nimetoboa upya.

Na kabla sijasahau, indiketa ya pembeni. Kuna fenda zinakuja na tundu la indiketa na zingine hazina kabisa, kwa gari hilo hilo, kwa sababu gari moja linauzwa nchi tofauti na sheria tofauti na mengine yana indiketa kwenye kioo cha pembeni. Ukiagiza angalia la kwako likoje. Fenda bila tundu unaweza kutoboa, fenda yenye tundu kwenye gari lisilo na indiketa hapo, hilo ni la kuziba kwa kuchomea, na kuchomea bati jembamba linapinda, hutaki huo mchezo.

Boneti ilikuwa na ubishi wake. Mara ya kwanza kuifunga, toa kabisa loki au iache huru, na uishushe kwa mikono polepole mtu mwingine akiangalia kona za nyuma, maana kona ya boneti ikigusa fenda ikiwa inashuka kwa uzito wake inakunja zote mbili kwa sekunde. Yangu ilikaa vizuri mbele ila nyuma upande wa kushoto ilisimama juu, ukipitisha kiganja kutoka fenda kwenda boneti unasikia ngazi. Bawaba zina nafasi ya kucheza, tukashusha, ikaenda. Zile raba za mbele zinazozungushwa ndo zinapanga urefu wa mbele, watu wengi hawajui hata kama zinazunguka.

Kitu kimoja kizito kwenye boneti ni loki. Kile chuma kinachoingia kwenye loki angalia kilivyochomelewa, mulika na tochi, na baada ya kufunga hakikisha kile kidole cha pili cha usalama kinashika kweli: fungua kwa kuvuta ndani ya gari, boneti iruke kidogo, halafu ivute juu kwa nguvu bila kugusa kidole. Isipofunguka sawa. Ikifunguka hilo gari halitoki hapo, boneti ikifunguka ukiwa kwenye mwendo inakuja moja kwa moja kwenye kioo.

Halafu kuna zile gundi. Boneti ina bati la juu na fremu ya chini, kati yake kunakuwa na vipande vya gundi laini vya kuzuia bati lisitetemeke. Ukigonga boneti kwa kiganja ukatembea nayo, sehemu yenye gundi inatoa sauti nzito, pasipo na gundi inalia debe. Yangu katikati kulikuwa na eneo zima halina kitu. Nikaiacha hivo hivo? Hapana, kuna sila (gundi ya kuzibia) za poliurethani unaingiza kwenye mdomo wa fremu kwa ile bunduki ya sila, kidogo kidogo, usijaze maana ikikauka ikivuta inaacha shimo juu. Orijino huwezi kuhangaika na haya, lazima tuseme ukweli.

Bampa sasa. Hapa ndo nilichoka. Ilikuja imekunjwa ili iingie kwenye boksi, na plastiki ikikunjwa muda mrefu inakumbuka. Kuiweka juani na kuimwagia maji ya moto kunasaidia na ilirudi kwa asilimia kubwa, ila zile kona mbili zinazokutana na fenda chini ya taa hazikurudi zote. Fundi niliyekuwa naye kaishika kulia kaivuta, kushoto ikatoka, kaibana kushoto, kulia ikatoka, akaniambia, "Kaka, hii ukiipatia huku inakosa kule, chagua upande watu wanaoutazama." Ndo hali halisi. Tumebadilisha vile vishikizo vya pembeni vinavyofungwa kwenye fenda, vya zamani vilikuwa vimekatika meno, na hiyo ilisaidia zaidi ya kitu kingine chochote, kwaio ukinunua bampa nunua na vishikizo vyake, usifikirie mara mbili. Bado mwanya wa chini ya taa ya kushoto unaingiza kucha na wa kulia hauingizi.

Ile nguzo ya chuma nyuma ya bampa na povu lake msiache. Nimeona magari yamefungwa bampa mpya nyuma hamna kitu, inaonekana safi kwa nje na ndani ni hewa. Na kama gari lako lina rada nyuma ya bampa kwa ajili ya breki za kujifunga zenyewe, usipige tu rangi ya metaliki safu juu ya safu na usijaze puti (ule udongo wa kuzibia mabonde) hapo mbele ya rada, mawimbi yake yanapita kwenye hiyo plastiki na watengenezaji wana masharti yao, soma kwanza.

Nyuma ya bampa kuna maandishi madogo ya aina ya plastiki, angalia kabla hujapiga kitu. Ikianza na PP ujue ni polipropilini, na polipropilini haipendi rangi, haishiki kitu. Inaoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni ukisugua na ile sponji ya kijivu ya kukwangua, maana ina mafuta ya kuitolea kwenye kalibu kiwandani, halafu inapanguswa na kisafishio cha mafuta, inakwanguliwa tena, inapanguswa tena, ndo inapigwa praima ya plastiki, ile nyembamba karibu kama maji, koti jembamba tu. Ukiruka hiyo, siku ya kwanza utapendeza, siku unaosha gari na mashine ya presha rangi inatoka vipande vipande. Na hizi za bei poa mafuta ya kalibu ni mengi kuliko orijino, maji yalikuwa yanakimbia juu ya plastiki hata baada ya kuosha. Osha mpaka maji yatandae, yasijikusanye vidonge vidonge.

Kuna waliotaka nichukue ya faiba. Ya faiba inajengeka, ukivunja unatengeneza, lakini zile za bei nafuu zina vitundu vidogo vidogo kwenye ganda la juu ambavyo unaviona baada ya kupiga praima, unaziba, unapiga msasa, vinatokea vingine. Na matundu ya boliti mara nyingi unatoboa mwenyewe. Kwa mwenye gari la mashindano sawa. Kwa gari la kwendea kazini mi hapana.

Tulivyomaliza kufunga tukafungua tena kila kitu. Najua inauma. Ila mbinu iliyofanya kazi ni kupiga rangi kingo, chini ya boneti na ndani ya fenda zikiwa nje ya gari, ukingo uliokunjwa unajazwa sila kwanza ili maji yasiingie, halafu unazirudisha kwenye gari na nje unapiga zikiwa zimefungwa. Kwa rangi nyeupe ya kawaida unaweza kupiga vipande vimelala kwenye stendi huko na usione tofauti. Fedha hapana. Fedha ina chembe za alumini, na chembe zinalala kutokana na bunduki ilivyoshikwa na rangi ilivyo mbichi. Ukipiga maji maji chembe zinazama rangi inakuwa nzito, ukipiga kavu zinabaki juu inakuwa nyeupe. Boneti ukiipiga imelala na fenda imesimama, rangi kopo moja, utaambiwa gari limeunganishwa.

Namba ya rangi iko kwenye kile kibati cha gari, kwa Toyota tafuta mstari ulioandikwa C/TR, ya kwangu inasema 1F7. Sasa usidhani namba inamaliza kazi. Rangi ya gari imepigwa jua miaka, na namba moja ina mchanganyiko zaidi ya mmoja. Piga kwenye kikadi kwanza, na bunduki ile ile, na klia (rangi angavu ya mwisho) juu yake, ukaushe, halafu ukiweke kwenye mlango juani na kivulini, utazame moja kwa moja na utazame kwa kuinama. Kadi ya kwanza ilikuwa sawa ukitazama mbele, ukiinama inakuwa ya bluu. Imerekebishwa. Na hata hivyo milango ya mbele tuliivutia, yaani rangi inafifishwa kidogo kidogo kuingia mlangoni na klia inapigwa mlango mzima, ili jicho lisipate mstari wa kushika. Fundi akikuambia haina haja ya kugusa mlango kwa rangi ya metaliki, mwulize atakuonyesha kazi gani aliyofanya hivo.

Praima ya kujazia tulipiga makoti matatu, ikapigwa msasa kwa kipande cha ubao siyo kwa mkono, P400 halafu P600 na maji. Nyunyizia kwanza vumbi jeusi jepesi juu, ukisugua palipobaki peusi ni bonde. Fenda hazikuwa na mabonde ya maana. Boneti ilikuwa na wimbi moja refu kutoka katikati kwenda mbele, huwezi kuliona kwenye weusi wake, kwenye vumbi likajianika lote. Kwa hilo nimeitoa alama.

Bodi ikishapanguswa usiishike kwa mkono mtupu, na asiingie mtu na ile spray ya kung'arisha dashibodi, silikoni ikiruka klia inafunguka macho ya samaki, yaani vishimo vya duara, kila mahali. Toa maji kwenye tanki la kompresa kila mara. Na mask, jamani. Hadina (dawa ya kukaushia) ya klia ina isosayaneti, ile inaharibu mapafu na inaweza kukupa pumu ya kudumu, kitambaa puani hakizuii kitu. Wanaofanya kazi kila siku wanatakiwa mask ya kuletewa hewa safi kutoka nje. Kama hamna hivyo vifaa mpe mwenye navyo, okoa hela kwenye kufunga na kusugua, hiyo ndo sehemu unayoweza kufanya mwenyewe.

Matokeo: fenda 8 kwa 10, boneti 6, bampa 4. Fenda ukiniuliza zipi siyo orijino nakuonyesha matundu ndani, nje huwezi kujua. Boneti kwenye mwendo haitetemeki tena. Kabla ya kuipeleka gari barabarani nimepulizia nta ya ndani kwenye mikunjo ya fenda na boneti, kwa sababu ya ile zinki iliyokosekana, na nta ya juu ya klia nimesubiri kama mwezi ili klia ipumue.

Wengine mtasema si bora mtumba wa orijino. Kwa fenda na boneti inategemea umeupata wapi, pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, ikilegea ujue chini kuna puti, na ukikuta puti nene huo mtumba wa nini. Kwa bampa nimewaelewa sana. Orijino iliyotumika ina mikwaruzo lakini umbo lake ni la kiwandani na kona zinakaa zenyewe. Nimeshapata moja, ni ya bluu na ina mkwaruzo kona ya kulia, imesimama ukutani inasubiri msasa, na hii niliyonayo ikitoka kwenye gari nitaiuza kwa atakayeikubali baada ya kumwonyesha ule mwanya wa kushoto.